Dokta wa Ng'ombe na Ndama Aliyeshibishwa

Mtaani kwetu Kapata, katika mji wa mgodi wa Kolwezi, tulikuwa na madaktari wawili. Mmoja alikuwa wa watu. Alikaa mjini kwenye nyumba za wakubwa na tulimwona tukiugua. Mwingine alikuwa wa ng'ombe. Alikaa safu moja na sisi, na tulimwona kila siku, tutake tusitake. Huyo wa pili ndiye ninayemkumbuka. Sitasema alizaliwa wapi wala na nani, maana ulifika wakati ambapo hayo mawili yalitosha kumfukuza mtu nyumbani kwake, na tangu hapo sina hamu ya kuyauliza.

Mimi nilikuwa mama wa maabara katika shamba la maziwa la kampuni ya mgodi. Jina kubwa, kazi ndogo: niliosha vioo, nilichemsha sindano, nilifukuza nzi. Yeye alikuwa bosi wangu na jirani yangu, na kama ungeniuliza kipi kilichosha zaidi, ningesema ujirani. Alicheka kwa sauti ya kuamsha mtoto. Alipika mwenyewe sombe, yaani kisamvu, siku za Jumapili, akaharibu, kisha akatuletea ili tusikose. Kampuni ilimpa nyumba mjini, yenye bafu na ua wa maua, akaikataa. "Kule bantu banasalimiana na mukono ya mubaridi," alisema. Mke wake, aliyelitaka sana lile bafu, hakumsamehe kwa miaka.

Kwa mtu wa cheo chake alikuwa na mambo ya ajabu. Aliweza kuingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe mkali huku akisimulia habari za mpira, lakini jogoo akikatiza uwanjani alipanda juu ya kiti. Maziwa hakunywa. Alifuga, alikamua, aliyapima, aliyagawa kwa watoto wa mtaa, lakini chai yake ilikuwa nyeusi. Nilipomuuliza sababu alinitazama kama niliyemtukana. "Mama Ngoie, ile ni chakula ya batoto ya ng'ombe. Miye niko mutoto ya ng'ombe?" Nyama ya ng'ombe, hata hivyo, aliila bila kesi yoyote.

Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja, na kila aliyekaa naye kwa muda wa sahani moja ya bukari, ugali wetu, alilisikia. Alitaka ndama aliyetungwa kwa mkono pale Kolwezi, nje ya tumbo la ng'ombe, ndani ya kioo, kisha akue, naye azae. Alikuwa amesomea kazi hiyo Ulaya na kuona wenzake wakiifanya. Kwa nini isifanyike kwetu? Tulichimba shaba ya dunia nzima, tungeshindwa ndama mmoja?

Kazi yenyewe ilianzia machinjioni. Ng'ombe jike akichinjwa, Dokta aliomba zile ovari mbili, mahali mayai yanapokaa, akazitia katika chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya uvuguvugu, akapanda baiskeli mbio. Mlinzi wa lango letu, mzee mwenye kiu ya kudumu, aliiona ile chupa ikipita kila mara na uvumilivu ukamwisha. "Dokta, kila siku chai, chai, na miye niko hapa tu na kukauka!" Dokta akamwambia ajimiminie. Mzee akamimina kikombe, akatazama kilichoanguka ndani, akakirudisha taratibu. Tangu siku hiyo alikunywa maji.

Maabarani aliyafyonza mayai kwa sindano, akayachanganya na mbegu ya dume iliyohifadhiwa kwenye baridi kali, akayaweka ndani ya sanduku la joto. Yai likikubali hugawanyika, chembe moja huwa mbili, mbili huwa nne, mpaka kinapatikana kiinitete kidogo kuliko punje ya chumvi. Hapo hutiwa katika kizazi cha ng'ombe mwingine, ambaye atakibeba bila kujua ni cha nani. Mimi nilishangaa jambo moja tu. "Dokta, kwa hiyo mama yake mutoto bantu bamekwisha kumukula na bukari, na mutoto hayaanza bado?" Alicheka hadi akakaa chini, akiitikia kwa kichwa. "Njo vile! Yatima mbele ya kupata mimba!"

Alipenda kunieleza mambo wakati mikono yangu imo majini na siwezi kukimbia. Alisema kwamba chembe ya kwato na chembe ya jicho zimetoka kwenye kiinitete kimoja, zina urithi uleule, ila kila moja imewekewa alama zake: hii soma hapa, pale usisome. Na mwanzoni kabisa, siku zile za kwanza, alama za baba na alama za mama hufutwa karibu zote, kisha huwekwa upya. "Siku zile njo muhimu," alisema. "Ni kama nyumba yenye inapakwa rangi. Ukigusa ukuta rangi haiyakauka bado, kidole yako inabakia pale." Nikamwambia basi asiguse. Akasema lazima aguse, la sivyo atapataje ndama?

Watu walimcheka. Viinitete vya kwanza vilikufa, vya pili vikafa, na waliokaa kwenye vibaraza vyao walimwimbia methali: ng'ombe wa maskini hazai. Naye aliijua sehemu iliyobaki, ya kwamba akizaa huzaa dume, na aliimalizia mwenyewe kwa sauti kubwa kuliko yao. "Hata dume nitapokea!" Nyumbani alikuwa mtu mwingine kidogo. Mke wake aliniambia kwamba kila viinitete vilipokufa alikula kimya, na kwa mume wake kula kimya kulikuwa ugonjwa.

Sasa, ili mjue alivyokosea, lazima mjue alivyokaribisha wageni. Nyumbani kwake sahani ya mgeni haikusawazishwa. Bukari ilipanda mlima, na mgeni akiuteremsha nusu, mlima ulirudi. Ukisema umeshiba umemtukana mama mwenye nyumba. Mimi mwenyewe nimetoka pale nikitembea kwa shida. Kwa hiyo alipoona viinitete vinakufa, alifikiri kama mtu wa nyumba ile. Chakula chao kilikuwa maji maalumu yenye matone machache ya seramu, yale maji ya manjano yanayobaki damu ikiganda. Walimu wake walisema machache. Yeye akaongeza. "Hii kitoto ni mugeni, Mama Ngoie. Inatoka ku maiti, inaenda mu tumbo ya mutu haiyamujua bado. Utaipa nusu sahani?" Nikasema hapana, haifai, aibu. Akaongeza tena.

Na kweli, vilinawiri. Mara ya kwanza nilipovitazama kwenye darubini niliona vimevimba vizuri, vinang'aa. Dokta aliimba.

Lakini huo ndio wakati ambao Kolwezi yenyewe ilikuwa ikianguka. Mgodi ulikwama, mashine zikanyamaza moja moja, umeme ukaanza kwenda na kurudi kwa hiari yake. Sanduku la joto bila umeme ni kabati. Siku umeme ulipokatika na viinitete vimo ndani, Dokta alichomoa kile kichupa, akakifunga kwa kitambaa kwenye kwapa lake, akavaa koti zito la Ulaya, akaenda kukaa mbele ya mbabula, yaani jiko, iliyojaa makaa ya moto, mwezi wa kumi, jua la kupasua kichwa. Alidai mwili wa mtu una baridi kidogo kuliko wa ng'ombe, ilibidi ajichemshe. Jasho lilimtoka mpaka kwenye viatu. Alikwenda hata misani hivyo hivyo, na padri, akidhani ni malaria, akamwombea mbele ya watu wote. Mke wake alisema, "Niliolewa na mwanaume, sasa mwanaume eko na mimba." Jirani mmoja alipita kumpa pole ya ujauzito na Dokta akaipokea kwa heshima zote.

Vyote vilikufa isipokuwa kimoja. Hicho tulikitia katika kizazi cha ng'ombe tuliyemwita Belmere, yaani mama mkwe, kwa sababu ya mateke yake. Belmere akashika mimba. Dokta alizunguka Kapata nzima akitangaza, nyumba kwa nyumba, hata kwa watu wasiofuga kuku.

Halafu zikaja zile siku. Sitaki kuzirefusha. Palisemwa kwenye mikutano kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai waondoke Katanga, nao wamezaliwa hapa, na baba zao waliletwa na mgodi wenyewe. Vijana wakaanza kupita na orodha vichwani mwao. Watu niliokula nao walitupiwa masufuria nje. Mimi ni wa kaskazini ya Katanga, nilitakiwa nifurahi. Nilikasirika, na hasira ile bado ninayo, nami siioni haya. Dokta na mke wake walitoka na mabegi mawili wakaenda kukaa gare, pale stesheni, pamoja na maelfu wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai, chini ya vipande vya plastiki.

Hata huko alikuwa yeye yule. Alipanga foleni ya maji. Alitibu kuhara kwa watoto kwa dawa ya ndama, akigawanya kwa uzito na kuwaambia mama zao, "Akianza kulia muu, munirudishie." Watu walicheka mahali ambapo hakukuwa na cha kuchekesha. Nilipompelekea chakula aliniuliza habari za Belmere kwanza, kisha chumvi.

Siku za Belmere za kuzaa zilifika, zikapita. Tumbo likazidi kukua. Mchungaji wa shamba, Tata Kapend, yaani Baba Kapend, Mlunda mtulivu ambaye sikumbuki amewahi kukimbia, siku hiyo alikuja kwangu akikimbia. "Mama Ngoie, Belmere analala chini. Mutoto hapiti. Bote babili banaenda kufa." Daktari mwingine wa ng'ombe hakuwepo. Nikaenda gare.

Nilikuta mabehewa yamefika asubuhi ileile, watu wanapanda, mabegi yanapita madirishani. Dokta alikuwa na mguu mmoja juu. Nilimwambia. Alimgeukia mke wake, na mimi nikaona haya kuwa nimekuja, maana treni ikiondoka bila yeye, atabaki peke yake mikononi mwa wale vijana. Mke wake alimtazama hivi, kisha akavuta begi lake akalikalia. "Enda," akasema. "Tangu nizaliwe, sijaona treni ya hapa kutoka siku yenye imefika."

Njiani tulizuiwa. Vijana watatu, ubao barabarani, fimbo. "Uyu unamupeleka wapi?" Nikawaambia Belmere anakufa, na maziwa ya wadogo zao yanakufa naye, labda mmoja wao anajua kupasua ng'ombe? Walinong'onezana. Yule mkubwa akasema, "Apite. Akimaliza kutengeneza, arudi gare." Alisema vizuri tu, kama anayetoa ruhusa ya haki. Nilitaka kumzaba kofi. Dokta alimshukuru, akamuuliza mama yake anaendeleaje na mguu, kwa kuwa alimfahamu, na kijana akajibu kwamba anaendelea vizuri, Dokta.

Alimpasua Belmere ubavuni kwa dawa ya ganzi iliyobaki chini ya chupa. Tata Kapend alishika kichwa, mimi nilishika taa na kufunga macho. Tata Kapend akaacha kichwa kusaidia kuvuta, na ndama alipotoka walianguka wote wawili naye juu yao. Sijaona ndama kama yule. Miguu minene, kichwa cha dume mzima, ulimi mkubwa hautoshi mdomoni, kitovu kimetuna. Jike. Alipumua. "Kamiyo!" akapiga kelele Dokta, akiwa bado chini yake. "Nimezaa kamiyo!" Lori kweli. Jina likabaki hilo.

Tulicheka, tukamkausha, tukamkamulia mdomoni kwa sababu ulimi ulimzuia kunyonya. Belmere alishonwa, akampiga Dokta teke la kumshukuru. Halafu nikamwona Dokta anamshikashika ndama yule kitovuni na kwenye ulimi. "Ni miye," akasema. "Ile seramu. Nilimushibisha mu siku za rangi. Kidole yangu njo hii." Akamwambia Tata Kapend jambo ambalo tulilisikia sote: kwamba huyu ataishi, lakini hajui kama kosa lile limeishia kwake au limeingia pia katika mayai yake, na wanawe na wajukuu watazaliwa hivyo hivyo, wakiwaua mama zao. "Musimukule. Mumuache azae. Hata nikiwa wapi, nitataka kujua." Tata Kapend akaitikia.

Akanawa, akarudi gare. Vijana walimwondolea ubao. Mke wake alikuwa bado amekalia begi. Treni iliondoka kesho yake. Watu walisema Dokta ndiye pekee aliyepata nafasi ya kunyoosha miguu behewani, kwa jinsi alivyonuka.

Shamba halikudumu. Ng'ombe walichinjwa mmoja baada ya mwingine, hata Belmere, na nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yake. Watu wakabeba milango, mabati, mabomba. Tata Kapend hakubeba chochote. Asubuhi moja alimfunga Kamiyo kamba shingoni, akaondoka naye kwa miguu kwenda Lubudi kwa wakwe zake. Nilimcheka wakati huo. Wenzake wanaezeka nyumba, yeye anavuta mdomo wa kulisha.

Miaka ikapita mingi. Mimi nikawa mfanyabiashara wa maharagwe, nanunua Lubudi nauza Kolwezi. Siku moja nimekalia magunia yangu pale stesheni ya Lubudi, treni kutoka upande wa Kasai imefika, imeharibika kama ilivyo desturi, nikasikia kicheko. Sikugeuka mara moja. Nilijiambia wapo watu wengi wenye kicheko kibaya. Kisha sauti ikauliza juu ya kichwa changu: "Mama Ngoie, Kamiyo alizaa?"

Hakunisalimu. Miaka yote ile, na hakunisalimu! Nywele nyeupe, fimbo, koti, na alikuwa anafundisha chuo huko Kasai, anakwenda Lubumbashi kuwaeleza wanafunzi habari zilezile alizonieleza mimi mikono yangu ikiwa majini. Nilimwambia alizaa. Akafungua mdomo kuuliza la pili, akaufunga. Nilimwelewa. Nami sikumjibu lile ambalo hakuuliza, kwa sababu mimi sijui kupima ndama, na kwa sababu mwenye kujua alikuwa karibu. "Tuende tuone kwa Tata Kapend," nikasema. "Treni yako haiendi popote."

Tukapanda pikipiki mbili. Tulipopumzika njiani alinieleza kwamba siku hizi wapo wanaotengeneza ng'ombe kutoka chembe ya ngozi. Wanaitia ndani ya yai lililotolewa kiini chake, wanaiambia isahau kwamba ilikuwa ngozi na ianze maisha upya. Nyingi hukataa. Ngozi ni ngozi, ina kichwa kigumu, inasahau nusu, na ndama anakufa au anakuwa mkubwa kama Kamiyo. "Lakini banasema wale wenye banapona, batoto babo banatoka sawa," akasema. "Sababu mwili ukitengeneza yai na mbegu, unafuta tena. Unafuta vizuri kushinda siye. Banasema. Miye sijaona." Nikamuuliza kama na kwa watu ni hivyo, yale mabaya yanafutika kwa watoto. Aliupangusa uso wake kwa kitambaa. "Bantu sikubasomea, Mama Ngoie. Nilisomea ng'ombe tu." Akacheka, lakini kidogo.

Tata Kapend alikuwa mzee kabisa, na tulipofika alisimama. Walishikana mikono muda mrefu bila kuachiana. Akasema Kamiyo alikuwa amekufa kwa uzee, baada ya kuzaa mara nyingi, bila kupasuliwa hata siku moja. Wa kwanza alizaliwa mwembamba hivi kwamba watoto walimwita Kinga, yaani baiskeli. "Kamiyo amezaa kinga," akasema Tata Kapend, "tulicheka mpaka jioni."

"Bako wapi?" akauliza Dokta.

Tata Kapend akaelekeza kidevu zizini. Ng'ombe wamejaa, wa rangi zote, wengine wa kununua. "Tafuta weye mwenyewe. Si weye njo dokta?"

Akaingia. Aliacha fimbo kwenye mlango. Alipita katikati yao akifunua midomo kutazama ndimi, akiinama kushika vitovu, akipima mabega kwa shubiri. "Uyu?" Tata Kapend akatikisa kichwa. "Ule wa madoa?" Hapana, ule ni wa mahari. "Basi uyu mweusi." Hapana. Aliwatazama wote tena kutoka mwanzo. Akachoka, akajiegemeza kwenye ndama jike mmoja wa kahawia aliyekuwa akitafuna bila kumjali, akafuta jasho.

"Kapend, mi nimeshindwa. Unionyeshe."

"Ile unaegemea, Dokta. Mujukuu yake."

Hakujitoa pale alipoegemea. Taratibu akapitisha mkono mgongoni mwa yule ndama, chini ya tumbo, kitovuni, akaurudisha. Akamfungua mdomo. Ulimi ulikuwa mdogo, safi, unatosha. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Mama Ngoie," akaniita, kwa sauti ileile ya kuamsha watoto, "kuya uone! Ni ng'ombe tu! Ni ng'ombe kama ng'ombe bote!"